Kelele za bendi zetu hupangwa kabla bendi haijapanda jukwaani

Ndugu Mhariri,

Ninaomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nijibu lalamiko ambalo limekuwa la kawaida hapa Tabora, na ambalo najua linasikika pia katika miji mingine ya mikoani: kwamba bendi zinazopiga laivu zinapiga kelele, maneno ya nyimbo hayasikiki, wageni wanashindwa kusemezana mezani, na kwa hiyo ni afadhali kamati za harusi na waandaaji wa sherehe za umma wakodi DJ, au wamlete mwimbaji mmoja aimbe juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Wanaolalamika hawasemi uongo. Wanachokisikia ukumbini mara nyingi ni kelele kweli, nami huisikia kwa uchungu kuliko wao kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ninachokipinga ni sababu wanayoitoa. Wao husema wanamuziki wa siku hizi hawajui kupiga. Mimi nasema kelele hizo, kwa sehemu kubwa, hupangwa mapema na watu wasioshika gitaa kabisa, yaani mwenye ukumbi na kamati inayogawa saa na fedha, wakisaidiwa na sisi watunzi tunapopanga vyombo bila kufikiri vitasikikaje mahali vitakapopigwa.

Mimi ni fundi mitambo wa muziki wa jukwaani, na pia ni mtunzi. Natunga na kupanga nyimbo za bendi na za kwaya, kisha siku ya onyesho nakaa kwenye miksa na kuzichanganya sauti wakati zinatoka jukwaani. Watu huzihesabu hizi kuwa kazi mbili za watu wawili wenye hadhi tofauti, mmoja akiwa msanii na mwingine mbeba spika, lakini kadiri ninavyozifanya ndivyo ninavyoshindwa kuuona mpaka kati yake. Nikiandika sehemu ya kinanda na kuiweka palepale linapopigwa gitaa la rithimu, nimeshatengeneza tatizo ambalo jioni hakuna kitufe cha kuliondoa. Nikimwandikia mwimbaji ubeti mrefu usio na pa kuvutia pumzi, ataanza kuisogeza maiki mbali na mdomo kila anapochoka, nami nitalazimika kuipandisha sauti yake mpaka spika zianze kupiga miluzi. Uchanganyaji wa sauti huanza siku wimbo unapotungwa, na wasikilizaji wanaodhani kwamba fundi anaweza kusafisha chochote kwa kuzungusha vitufe wanampa uwezo ambao hana.

Mji huu una historia ambayo ingetosha kutufundisha. Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz zilitoka hapa zikajulikana nchi nzima, na majina ya Salum Zahoro na Shem Karenga bado yanatajwa kwa heshima na wazee waliocheza dansi enzi hizo. Bendi za wakati ule zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga wote kwa pamoja huku utepe ukizunguka, bila nafasi ya kurudi kesho yake na kurekebisha kila chombo peke yake. Mitambo iliyotumika ilikuwa michache kuliko ile anayoimiliki leo kijana anayekodisha muziki kwa ajili ya mahafali ya shule. Hata hivyo maneno yanasikika, na mtu akizisikiliza rekodi hizo kwa makini atatambua ni kwa nini: gitaa la solo likizungumza, la rithimu linajirudia kwa nidhamu bila kuongeza chochote, besi inatembea chini peke yake, tarumbeta na saksafoni zinangoja ubeti uishe ndipo zijibu. Waliopanga nyimbo hizo walijua kwamba hakuna atakayewasaidia baadaye, wakalimaliza tatizo kwenye utunzi. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu vijana wengi ninaofanya nao kazi wanaamini kwamba sauti safi hununuliwa dukani.

Naomba nilieleze kwa tarakimu chache, maana hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Uzi mnene kuliko zote wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetemeka takribani mara 41 kwa sekunde, na uzi mnene wa gitaa la kawaida mara 82. Ngoma kubwa ya drams inayopigwa kwa mguu ina nguvu zake katika eneo hilohilo la chini. Sasa mpiga kinanda, ambaye nyumbani amezoea kupiga peke yake, anapokuja kwenye bendi huendelea kupiga besi kwa mkono wa kushoto kama alivyozoea. Hapo tuna vyombo vitatu au vinne vinavyogombania eneo moja la masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, na katika ukumbi wa saruji eneo hilo ndilo linalochelewa zaidi kufa. Matokeo yake ni mngurumo mmoja usio na umbo, ambao msikilizaji huuita kelele. Dawa ya kwanza haigharimu hata shilingi moja: mpiga kinanda aupumzishe mkono wa kushoto. Kila ninapopanga wimbo wa bendi yenye mpiga besi mzuri, naandika sehemu ya kinanda kuanzia katikati kwenda juu, na nalitetea hilo hata mpiga kinanda anaponuna.

Upande wa juu nao una ugomvi wake. Konsonanti, ambazo ndizo zinazomwezesha msikilizaji kujua kama mwimbaji ametamka neno hili au lile, hubebwa zaidi na masafa ya kati ya mitetemo 2,000 na 4,000 kwa sekunde, na nguvu zake ni ndogo sana zikilinganishwa na irabu. Gitaa la solo lililowekwa makali, matoazi ya drams na manyanga yote yanaishi katika eneo hilo au juu yake kidogo. Napenda sana kuingiza manyanga katika nyimbo ninazotunga, kwa kuwa ni sauti ya nyumbani kwetu Unyamwezini na ukumbi mzima huinuka yanapoanza, lakini huyaweka kwenye kiitikio na kwenye chemko, yaani sehemu ya wimbo inayochangamka ili watu wacheze. Katika beti ambazo mwimbaji anasimulia kisa, manyanga hukaa kimya. Watu wa Tanzania husikiliza muziki wa dansi kwa ajili ya maneno, na utunzi unaoyafunika maneno umemnyima msikilizaji kile alichokifuata.

Hata ufunguo wa wimbo unahusika. Mtunzi anayetunga chumbani asubuhi huchagua ufunguo unaomfanya mwimbaji ang'ae, akisahau kwamba wimbo huo utaimbwa saa tano za usiku baada ya mwimbaji kukaa jukwaani muda mrefu. Mimi hushusha ufunguo kwa nusu hatua au hatua nzima kuliko mwimbaji mwenyewe anavyotaka, kwa maana koo lililochoka hulazimisha maiki ipandishwe, na maiki ikipandishwa hukusanya pia drams, spika na mwangwi wa ukuta.

Sasa nije kwenye ukumbi. Kumbi nyingi tunazozitumia zina paa la bati au dari ngumu, kuta za saruji zilizopigwa plasta laini, sakafu ya vigae na madirisha makubwa ya vioo. Vitu hivi vyote huirudisha sauti. Hewa ikiwa na nyuzijoto 20 sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde. Katika ukumbi wenye urefu wa mita 30, sauti ya mwimbaji inayokwenda hadi ukuta wa nyuma na kurudi mbele imesafiri mita 60, na imetumia karibu sehemu moja ya sita ya sekunde. Mwimbaji anayetamka silabi tano au sita kwa sekunde, kama ilivyo katika nyimbo zenye mwendo wa kasi, atasikika silabi yake iliyopita ikirudi na kuikalia ile inayofuata. Fundi akiongeza sauti, mwangwi nao unaongezeka kwa kiasi kilekile, na uwiano kati ya neno na mwangwi wake unabaki vilevile. Ndiyo maana ombi la "ongeza kidogo, huku nyuma hatusikii" halimsaidii anayeomba. Anasikia sana, asichoweza ni kutenganisha.

Linalosaidia ni kuzielekeza spika kwa watu badala ya kuzielekeza kwenye ukuta wa nyuma na dari, kuziinua juu ya vichwa na kuziinamisha kidogo, na pale ukumbi unapokuwa mrefu kuweka jozi nyingine ndogo katikati, ikicheleweshwa kwa sehemu ya sekunde inayolingana na umbali wake ili sauti yake ifike pamoja na ile ya mbele. Miksa za kidijitali zinaweza kufanya ucheleweshaji huo kwa urahisi. Linalosaidia zaidi ya yote ni mapazia mazito yenye mikunjo kwenye ukuta wa nyuma. Wapambaji wetu hutumia vitambaa vingi sana, lakini vyote huwekwa nyuma ya maharusi, na huwa vyepesi mno kiasi kwamba sauti hupita kana kwamba havipo. Mwenye ukumbi anayetaka kuwekeza akatuuliza aanzie wapi, ningemwambia anunue mapazia kabla ya spika.

Jambo linalonisikitisha kuliko yote ni mahali anapokalishwa fundi. Kwa kuwa kamati inataka picha nzuri, miksa husukumwa pembeni mwa jukwaa au nyuma ya spika, wakati mwingine karibu kabisa na mlango wa jikoni. Fundi aliyekaa nyuma ya spika husikia besi na mngurumo tu, kwa sababu masafa ya juu husafiri kuelekea mbele huku ya chini yakisambaa pande zote. Atapandisha makali kufidia asichokisikia, na wageni walio mbele watachomwa masikio. Ni sawa na fundi cherehani anayetakiwa kushona suti huku akikatazwa kumpima mteja. Mahali pa miksa ni katikati ya wasikilizaji, takribani theluthi mbili ya urefu wa ukumbi kutoka jukwaani, na eneo linalohitajika halizidi meza moja ya wageni. Nimewahi kuiambia kamati moja kwamba niko tayari meza yangu ifunikwe kwa kitambaa cha rangi ya sherehe na kuwekewa maua, ili mradi tu nikae nitakaposikia wanachosikia wageni wao. Walikubali, na sijasahau wema wao.

Kisha kuna suala la muda. Siku ya harusi ukumbi hufunguliwa asubuhi kwa ajili ya wapambaji. Watu wa chakula huja na majiko na vyombo vyao, wapiga picha hupanga taa, mshereheshaji huja na ratiba yake, na bendi huruhusiwa kufunga vyombo mwishoni, mara nyingi wageni wakiwa tayari wanaingia na ikiwa ni aibu kupiga hata noti moja. Wimbo wa kwanza wa sherehe unakuwa ndio wa majaribio. Wageni wanasikia mluzi, wanasikia mwimbaji asiyetoka kabisa kisha anatoka ghafla kwa nguvu, wanakunja nyuso, na hukumu yao juu ya muziki wa laivu imeshakamilika kabla ya ubeti wa pili.

Pengine wasiofanya kazi hii hawajui kujaribu sauti kunahusu nini, nami naona ni haki yao kuelezwa. Kwanza nazijaribu spika zenyewe kwa wimbo ninaoufahamu vizuri, huku nikitembea ukumbi mzima, pembeni, nyuma na chini ya roshani, kusikia ni wapi besi inajikusanya na wapi inapotea. Baadaye nafungua maiki moja moja, nikikata sauti za chini kabisa kwenye maiki za waimbaji, kwa kuwa huko chini hakuna sauti ya binadamu ya kuokotwa; kuna vishindo vya miguu jukwaani na mngurumo wa besi tu. Mafundi wengi huanza na ngoma kubwa ya drams, wakapanda kwenda besi, magitaa, na kumalizia na sauti za waimbaji juu ya vyote. Mimi sikubaliani na utaratibu huo kwa kumbi za aina yetu. Huanza na mwimbaji mkuu peke yake mpaka maneno yake yasikike bila juhudi kwenye kiti cha mwisho, kisha naongeza chombo kimoja kimoja, na pale ninapoona maneno yanaanza kufunikwa nasimama na kuuliza ni chombo kipi kipungue. Mwisho bendi hupiga wimbo wenye nguvu kuliko yote na wimbo mtulivu kuliko yote. Kazi hiyo, pamoja na kufunga nyaya, hudai saa mbili zisizoingiliwa. Ukumbi ukijaa, miili na nguo za wageni zitanyonya sehemu ya mwangwi na nitarekebisha tena, lakini nitakuwa narekebisha kitu kilichokwisha kusimama.

Mluzi mkali wa spika, ambao mafundi huuita fidibaki, nao una maelezo. Maiki inasikia spika, spika inairudia maiki, na mzunguko huo unajilisha wenyewe mpaka unapiga yowe. Kila mara idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka maradufu, kiwango tunachoweza kukifikia kabla ya mluzi hupungua kwa takribani desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kwa hiyo maiki ya mgeni rasmi inayoachwa wazi mezani inamnyang'anya mwimbaji nguvu. Waimbaji wengi, kwa kuiga wanachokiona kwenye video, huikumbatia maiki kwa kiganja kwenye kichwa chake. Hapo huziba matundu yanayoiwezesha kuikataa sauti inayotoka nyuma, na maiki nzuri inageuka kuwa mbaya papo hapo. Washereheshaji nao huja mbele ya spika wakiwa na maiki mkononi. Kama wangekubali kuja dakika kumi mapema tukawaonyesha mipaka ya kutembea, tatizo hilo lingekwisha.

Wanamuziki nao wana sehemu yao ya lawama. Jukwaani mpiga solo hajisikii, anaongeza ampu yake, yaani kikuza sauti cha gitaa. Mpiga besi naye anaongeza. Mpiga drams anapiga kwa nguvu zaidi. Mwimbaji anapiga kelele. Katika ukumbi mdogo sauti inayotoka jukwaani pekee, spika za mbele zikiwa zimezimwa, inaweza kuwa tayari imezidi. Suluhisho ni spika za jukwaani za kujisikia, yaani monita, pamoja na makubaliano kwamba ampu zielekezwe masikioni mwa wapigaji wenyewe na si miguuni mwa wageni. Kazi ya monita inaonekana vizuri pale zisipokuwepo. The Beatles walipopiga Shea Stadium, New York, mwezi Agosti mwaka 1965, mbele ya watu zaidi ya 55,000, hawakuwa nazo, na walipiga onyesho zima bila kujisikia ipasavyo kutokana na mayowe ya mashabiki. Walikuwa bendi maarufu kuliko zote duniani, na umaarufu huo haukuwasaidia kusikia gitaa lililo mkononi.

Siwezi kuandika barua hii bila kutaja umeme, ingawa nitasema kwa ufupi. Umeme wetu ni wa volti 230, na waya wa kupeleka umeme ardhini, ambao mafundi huuita ethi, umeachwa au umekatwa katika kumbi na majenereta mengi. Ampu ikipata hitilafu bila ethi, mpiga gitaa anayeimba hushika nyuzi kwa mkono na kugusa maiki kwa mdomo, na mwili wake unakuwa njia ya umeme. Mngurumo wa chini unaosikika kabla ya muziki kuanza mara nyingi ni dalili kwamba ethi ina kasoro au vyombo vimechomekwa kwenye vyanzo tofauti. Wapo wanaoondoa ethi makusudi ili mngurumo ukome. Nawasihi waache, hakuna wimbo unaostahili maisha ya mtu. Chuo cha VETA kipo hapahapa Tabora na kinafundisha ufundi umeme, na mafunzo mafupi kwa watu wa bendi na wa kukodisha muziki yangeokoa watu.

Majirani wanaolalamika usiku nao wana haki, na kuna sababu ya kimaumbile inayofanya malalamiko yaongezeke katika miezi ya kipupwe. Mchana ardhi ikiwa ya moto, sauti hupinda kwenda juu na kupotea. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba, anga letu likiwa wazi na ardhi ikipoa haraka, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, na sauti iliyokuwa ipotee angani hupindishwa kurudi chini, mbali na ilikotoka. Onyesho la wazi katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, kwa nguvu zilezile za spika, litasikika mbali zaidi saa nne za usiku kuliko saa kumi alasiri. Fundi anayelijua hilo atapunguza besi usiku unapoingia, maana besi ndiyo inayopenya kuta za nyumba za watu. Asiyelijua ataendelea na kiwango alichokipanga alasiri, na Jumatatu bendi itaitwa kujieleza. Hata masikio ya walio ndani ya ukumbi yana kikomo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka wastani wa sauti katika kumbi na maonyesho usizidi desibeli 100, na likahimiza kiwango hicho kipimwe na mtu aliyeteuliwa. Kwa ukumbi wa harusi wenye watoto na wazee, mimi naiona hata desibeli 100 kuwa nyingi mno, na najitahidi kubaki chini ya hapo kwa mbali.

Kuhusu malipo, nitasema machache tu. Katika bajeti ya kamati za harusi ukumbi una mstari wake, mapambo yana mstari wake, keki ina mstari wake, na fundi mitambo amefichwa ndani ya neno "muziki", akitegemea kile ambacho mwenye spika atamkatia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na mwanamuziki kwa upigaji wake, lakini fundi anayechanganya sauti jukwaani hana pa kushika isipokuwa mkataba wake. Mkataba wa ukurasa mmoja, unaotaja saa ya kufunguliwa ukumbi, mahali pa miksa, chanzo cha umeme na malipo, ungemaliza ugomvi mwingi. Bendi nazo zingefanya vema kumtaja fundi wao kwenye tangazo pamoja na wapigaji. Kijana wa hapa anayetaka kuijua kazi hii kwa kusoma lazima afunge safari hadi TaSUBa, taasisi ya sanaa kule Bagamoyo, au chuo kingine cha mbali. Wengi hujifunza kwa kukunja nyaya nyuma ya wakubwa zao, na hawawezi kuipenda kazi ambayo hawaoni ikitajwa popote.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni mzigo, na kwamba muziki uliorekodiwa unaondoa shida zote kwa kubonyeza kitufe. Sina ugomvi na DJ; wengi ni rafiki zangu na tunaazimana vyombo. Lakini mwenye kuandaa harusi na ajiulize kinachotokea pale shangazi wa bibi harusi wanapoinuka kwenda kutunza. Wimbo uliorekodiwa una dakika zake, nao utaisha shangazi wa tatu akiwa bado njiani kutoka mezani. Bendi inamwona. Mwimbaji anarudi kwenye kiitikio, anaingiza jina la ukoo wake, besi inashuka ili jina lisikike, tumba zinaongeza mwendo anapofika mbele, na wimbo unaisha pale ukoo mzima utakapokuwa umeridhika. Ninapotunga nyimbo za harusi naacha makusudi sehemu zisizo na idadi ya marudio, zikiwa na ishara tu ya kuingia na ya kutoka, na wakati huo mimi kwenye miksa nawatazama wageni kama wapigaji wanavyowatazama. Hayo hayawezi kurekodiwa mapema, kwa kuwa shangazi bado hajainuka.

Kwa hiyo ninaziomba kamati za harusi na waandaaji wa sherehe za umma katika manispaa yetu, pamoja na maofisa utamaduni wanaosimamia sherehe hizo, waweke fundi mitambo kwenye mstari wake katika bajeti, wampe ukumbi kuanzia saa nane mchana kwa sherehe ya jioni, na wamkalishe katikati ya wageni. Viongozi wa bendi nawaomba wakubali kupunguza ampu na kupanga upya nyimbo zao kwa kuzingatia kumbi tunazopiga, wala si kumbi tunazoziona kwenye televisheni. Na wenye kumbi, kabla ya kununua jozi nyingine ya spika, watuite siku yoyote ya kazi ukumbi ukiwa mtupu. Kwa nusu saa, kwa makofi na kwa maiki moja, tutawaonyesha ni ukuta upi unaoharibu sauti na pazia liwekwe wapi, na kwa kazi hiyo sitadai malipo.

Wako katika ujenzi wa muziki wetu,

Fundi mitambo na mtunzi wa muziki,
Isevya, Tabora